Namna ya kumzuia mwanafunzi asiache sekondari kabla hajamaliza

Mwanafunzi wa sekondari anayeacha masomo huwa ameanza kuondoka miezi mingi kabla ya siku ile kiti chake kinapobaki wazi moja kwa moja. Hukosa Jumatatu moja, kisha mbili. Huchelewa kipindi cha kwanza, halafu anaanza kutoweka baada ya mapumziko. Daftari la hisabati linabaki na kurasa tupu, na mwalimu akiuliza swali yeye huinamisha macho. Haya yote yameandikwa, au yangeweza kuandikwa, katika kumbukumbu ambazo shule inazo tayari. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu mwenye jukumu la kuzisoma kila wiki na kuchukua hatua kabla wiki nyingine haijaisha.

Mwongozo huu ni wa wakuu wa shule, walimu wa darasa na walimu wa ushauri nasaha. Mzazi naye atapata humu mambo ambayo ana haki ya kuyadai shuleni. Tunaanza na daftari la mahudhurio kwa sababu hapo ndipo shule nyingi huteleza, na kulitumia vizuri hakuhitaji fedha.

Hesabu siku za kila mtoto

Wastani wa mahudhurio ya darasa huficha watoto. Chukua darasa la wanafunzi 40 katika mwezi wenye siku 20 za masomo. Kama kila mmoja angefika kila siku, mahudhurio yangekuwa 800. Tuseme yamekosekana 56. Wastani unatoka asilimia 93, na mkuu wa shule anaridhika. Lakini huenda wanafunzi 5 wamekosa siku 8 kila mmoja, yaani 40 kati ya zile 56, na wenzao 35 wamegawana 16 zilizobaki. Hao watano wamehudhuria asilimia 60 tu ya masomo ya mwezi, na hakuna ripoti iliyowataja.

Kwa hiyo hesabu kwa jina. Kipimo kinachotumiwa na wengi wanaoshughulikia utoro ni asilimia 10: aliyekosa sehemu moja ya kumi ya siku za masomo yuko hatarini. Ni siku 2 katika mwezi wa siku 20, au siku 6 katika muhula wa siku 60. Jumlisha siku zote, zenye ruhusa na zisizo na ruhusa, pamoja na zile alizosimamishwa masomo au kurudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Walimu wengine huona si haki kumhesabia mgonjwa. Lakini hapa hatutafuti mkosaji. Milinganyo iliyofundishwa siku ya homa imempita sawasawa na iliyofundishwa siku ya utoro, na somo la wiki ijayo litajengwa juu yake.

Daftari huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuita majina asubuhi tu. Anayetoroka hujua saa ya kuitwa majina, akaitika, kisha akaondoka. Ita tena katika kipindi cha kwanza baada ya mapumziko, na ulinganishe. Ya pili ni daftari linalojazwa Ijumaa kwa kukumbuka, au linaloonyesha kila mtu yupo ili wakaguzi wasiulize maswali. Dawa yake ni mkuu wa shule kuingia darasa moja kila wiki bila kutangaza, kuhesabu vichwa na kulinganisha na daftari. Hesabu zikitofautiana, azungumze na mwalimu faraghani na kwa utulivu. Mwalimu anayelaumiwa kwa sababu darasa lake lina watoro wengi atajifunza kuwaficha, na wakishafichwa hamtawaona tena mpaka wawe wameshaondoka.

Orodha ya ukurasa mmoja

Mahudhurio yanaonyesha mengi, ila yanahitaji wenza wawili: alama na mwenendo. Mwaka 2007 watafiti Robert Balfanz, Liza Herzog na Douglas Mac Iver walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanafunzi wa Philadelphia, Marekani, kuanzia darasa la sita. Kuhudhuria asilimia 80 au chini, kufeli hisabati, kufeli Kiingereza ambayo ndiyo lugha yao ya masomo, na matatizo ya nidhamu viliwatambulisha mapema wengi wa wale ambao hawakuja kumaliza sekondari. Huko Chicago, Elaine Allensworth na John Easton walionyesha mwaka 2005 kwamba mwanafunzi aliyemaliza mwaka wa kwanza wa sekondari bila kurundika masomo aliyofeli alikuwa na nafasi ya kuhitimu kwa wakati zaidi ya mara tatu na nusu ya mwenzake aliyekwama. Kipimo hicho kilitabiri vizuri kuliko alama za mitihani walizoingia nazo. Maana yake kwa mwalimu ni kubwa: kinachomtokea mtoto ndani ya mwaka wake wa kwanza kina uzito kuliko alivyokuwa alipofika langoni.

Tengeneza orodha ya ukurasa mmoja kwa kila kidato. Safu ni sita: jina, siku alizokosa mwezi huu, siku alizokosa tangu muhula uanze, masomo anayofeli, makosa ya nidhamu, na neno la mwalimu wa darasa. Safu ya mwisho msiiache wazi, kwa kuwa ndiyo inayobeba habari ambazo namba hazina: amefiwa, amehamia kwa shangazi, ameanza kufanya kazi jioni, amenyamaza ghafla.

Alama za hatari ziwe rahisi. Aliyekosa siku 2 au 3 katika mwezi, au anayefeli somo moja la msingi, weka njano. Aliyekosa siku 4 au zaidi, au anayefeli masomo mawili, au mwenye dalili mbili za njano kwa pamoja, weka nyekundu. Aliyekariri darasa na aliyezidi umri wa wenzake kwa miaka miwili au zaidi waangaliwe kwa jicho la pekee hata kama bado hawana alama yoyote, kwa sababu wanaoacha hutoka zaidi katika kundi hilo.

Ikiwa zaidi ya robo ya darasa imeingia kwenye orodha, msianze kuwaita watoto mmoja mmoja. Tazameni kwanza kinachofanywa na shule yenyewe. Je, kuna somo ambalo halina mwalimu? Kuna kipindi cha adhabu kinachokula masomo? Kuna mwalimu anayefelisha nusu ya darasa na kuona kuwa ndiyo ubora?

Orodha hii ni siri ya walimu wanaoifanyia kazi. Haibandikwi ukutani wala haisomwi mstarini. Na isitumiwe kamwe kuwaondoa wanafunzi dhaifu kabla ya mtihani wa mwisho ili wastani wa shule upande. Shule inayofanya hivyo inazalisha yenyewe tatizo ambalo mwongozo huu unajaribu kulizuia.

Kikao cha dakika 40

Kila wiki, siku ileile na saa ileile, wakae mwalimu wa taaluma, mwalimu wa ushauri nasaha na walimu wa darasa wa kidato husika. Watu wanne hadi sita wanatosha. Wapitie wanafunzi wasiozidi wanane, dakika nne kila mmoja, kuanzia wenye alama nyekundu. Maswali ni matatu tu: Nini kimebadilika tangu wiki iliyopita? Nani atafanya nini, na kabla ya siku gani? Tutajuaje kwamba imesaidia?

Jibu la swali la pili liwe na jina la mtu na tarehe. "Tutamfuatilia" halihesabiki kuwa jibu. "Mwalimu wa kemia atampigia mama yake leo saa nane, na Jumatatu atatuambia" ni jibu.

Vikao hivi hufa kwa sababu mbili. Vinageuka baraza la kusimulia habari za familia, dakika kumi na tano zikaishia kwa mtoto mmoja na hakuna lililoamuliwa. Au orodha inakua bila kupungua, hadi walimu wanakata tamaa. Kwa hilo la pili, mwanafunzi aliyehudhuria vizuri wiki nne mfululizo na kupandisha alama atolewe kwenye orodha, na atolewe kwa kuambiwa ana kwa ana. Maneno machache ya mwalimu yanayosema "tumeona juhudi zako" hufanya kazi ambayo barua kumi za onyo haziwezi.

Siku ya kwanza, ya tatu, ya tano, ya kumi

Siku mtoto anapokosa, nyumbani wapate simu au ujumbe siku hiyohiyo kabla ya saa sita mchana. Wazazi wengi hawajui. Mtoto ameaga asubuhi akiwa na sare. Lugha ya simu hiyo ina uzito kuliko kasi yake. Iwe hivi: "Mama, habari za asubuhi. Mimi ni mwalimu wake wa darasa. Leo hatujamwona darasani, tukapata wasiwasi. Yuko salama?" Kisha nyamaza usikilize. Usianze na idadi ya siku alizokosa, wala usitaje adhabu. Mzazi aliyekaripiwa kwenye simu ya kwanza hatapokea ya pili.

Akifikisha siku tatu mfululizo, mwalimu wa darasa azungumze na mzazi na mtoto mwenyewe, kila mmoja kwa wakati wake. Siku ya tano, nenda nyumbani. Nendeni wawili, mtoe taarifa kabla, mkae muda mfupi, na msiende mkiwa na fimbo wala karatasi ya kusainiwa. Mkifika, angalieni bila kupekua: nani anaonekana kumlea, kuna mgonjwa, kuna mtoto mdogo anayehitaji kuangaliwa mchana. Siku ya kumi suala liwe mezani kwa mkuu wa shule, na kama kuna dalili ya mtoto kudhulumiwa, kuozwa au kufanyishwa kazi ya hatari, lifike kwa mamlaka ya ustawi wa jamii mara moja, bila kungoja siku ya kumi.

Zingatieni pia namba za simu. Hubadilika mara kwa mara, na shule nyingi zina namba iliyoandikwa siku ya kujiunga tu. Kila mwanzo wa muhula mwombe kila mwanafunzi namba mbili: ya mzazi na ya mtu mwingine mzima anayemwamini.

Siku anayorudi ndiyo nyeti kuliko zote. Mwanafunzi aliyekosa siku sita anaingia darasani akiwa na aibu na hofu, na hajui wenzake wamefika wapi. Akipokewa kwa viboko, kudeki madarasa au kejeli ya "mgeni wetu amekuja", mara nyingi atahitimisha kwamba nyumbani ni afadhali. Mpokee kwa jina, mpe mwenzake mmoja wa kumwazima madaftari, na mwelekeze mambo mawili au matatu ya kuanzia. Asipewe lundo la wiki nzima. Na kumsimamisha masomo mtoro ni kumwongezea siku zilezile zilizomponza. Kama lazima kuwe na adhabu, iwe ndani ya shule na isimtoe kwenye vipindi.

Kutafuta sababu iliyo chini ya sababu

Sababu ya kwanza anayoitoa mwanafunzi mara chache ndiyo iliyo ya kweli zaidi. "Naumwa kichwa" huweza kuwa njaa, macho mabovu, mimba, au hofu ya wavulana watatu wanaomsubiri njiani. Usimuulize "Kwa nini hukuja?", kwani swali hilo linasikika kama shitaka na linazaa utetezi. Muulize mambo yanayoweza kusimuliwa. Siku yako ya shule inaanzaje, tangu unapoamka? Somo gani ukiliona kwenye ratiba unatamani lipite? Jana ulikula saa ngapi? Nani hapa shuleni ungemwambia kama ungepata shida? Akikosa jibu la swali la mwisho, hiyo peke yake ni dalili ya njano.

Anza kwa kuondoa sababu za mwili, kwa kuwa ni rahisi kuzipima na husahaulika. Mpime macho kwa chati ya herufi akiwa mita 6, jicho moja baada ya jingine. Kama hamna chati, mwombe asome ubaoni kutoka nyuma ya darasa. Nong'ona maneno machache ukiwa nyuma yake uone kama anayarudia. Wanafunzi wengi wenye matatizo haya hawajui kama wanayo, kwani hawajawahi kuona wala kusikia kwa namna nyingine. Kwa wasichana, ulizeni kwa staha kuhusu siku za hedhi. Choo kisichofungika na ukosefu wa maji na taulo huchukua siku kadhaa kila mwezi, na ukipitisha jicho kwenye daftari utaona zikijirudia.

Uonevu nao huacha alama katika daftari: mtoto hukosa siku zenye somo fulani, au siku za michezo, au hufika amechelewa kwa makusudi ili njia iwe wazi. Mpangilio ukijirudia wiki tatu, uliza kinachotokea siku hizo. Na mtoto akitamka kwamba hataki kuishi au kwamba anataka kujidhuru, acha yote mengine. Usimwache peke yake, mjulishe mtu mzima nyumbani aliye salama kwake, na mfikishe kwa mtoa huduma za afya siku hiyohiyo.

Kusoma na hisabati: jeraha lisiloonekana

Kwa maoni yetu hili ndilo linalopuuzwa zaidi. Mtoto anaweza kufika sekondari akiwa anasoma kwa kusitasita kiasi kwamba akifika mwisho wa aya amesahau mwanzo wake. Akikaa hapo saa saba kila siku anajifunza jambo moja tu, kwamba yeye hawezi. Kutoroka kwake kuna mantiki.

Mpime mwanzoni mwa mwaka wa kwanza, faraghani. Mpe aya ya maneno kama 150 kutoka kitabu cha kidato chake, asome kwa sauti kwa dakika moja, kisha asome yote kimyakimya na kujibu maswali matano ya ufahamu. Andika idadi ya maneno aliyosoma sawasawa na majibu aliyopata. Huna haja ya jedwali la viwango. Ukishawapima wote, walio nyuma sana watajitenga wenyewe. Hisabati vivyo hivyo: maswali 15 ya kutoa, kugawanya, sehemu, asilimia na namba hasi. Mara nyingi anayefeli aljebra anakwama kwenye sehemu.

Msaada unaofanya kazi una sura inayojulikana: vikundi vya wanafunzi wasiozidi wanne, mara tatu au zaidi kwa wiki, nusu saa au zaidi kila mara, na mkufunzi yuleyule kwa muhula mzima. Uwe ndani ya siku ya shule. Masomo ya ziada ya jioni na Jumamosi huwakosa haohao mnaowataka, kwa kuwa ndio wanaofanya kazi, kulea wadogo zao au kutembea mbali. Walimu wasipotosha, tumieni wanafunzi wa vidato vya juu waliofundishwa namna ya kusaidia, mwalimu akisimamia.

Angalieni pia namna mnavyokokotoa alama. Mwanafunzi mwenye 60, 65, 70 na sifuri moja ya jaribio alilokosa anapata wastani wa 48.75. Bila ile sifuri ana 65. Sifuri hiyo haisemi anajua nini. Inasema tu kwamba siku fulani hakuwapo, na inaweza kumzamisha kwa muhula mzima. Andika "bado", mpe siku 10 za masomo kufanya jaribio mbadala, na sifuri ije baada ya hapo. Anayeona kwamba bado anaweza kufaulu muhula huu ana sababu ya kurudi Jumatatu.

Kumkaririsha darasa kusiwe dawa ya kwanza. Kunamtenga na rafiki zake, kunamwongezea mwaka wa gharama na umri, na mara nyingi mada zilezile hurudiwa kwa mtindo uleule ulioshindwa mwanzo.

Fedha, na wakati wa fedha

Ada ni sehemu tu ya gharama. Kaa na mzazi muandike zote: sare, viatu, nauli, chakula, vitabu, michango, ada ya mtihani. Kisha muandike kile ambacho mtoto angeingiza kama angekuwa kazini. Hiyo nayo ni gharama kwa kaya, ingawa haipo kwenye risiti yoyote. Ukishaiona orodha nzima utajua kama kikwazo ni kitu kimoja kinachopatikana, kama jozi ya viatu, au ni pengo la kila mwezi.

Vitu vidogo husogeza mambo makubwa. Huko magharibi mwa Kenya, jaribio la Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer liliwapa sare za bure wanafunzi wa darasa la juu la msingi, na kuacha shule kukapungua, mimba na ndoa za wasichana nazo zikapungua. Katika jimbo la Bihar nchini India, serikali ilianza mwaka 2006 kuwapa wasichana wanaoingia sekondari fedha za baiskeli, na uandikishaji wao ukapanda, hasa vijiji vilivyo mbali na shule.

Jambo ambalo wafadhili wengi hawalipi uzito ni majira ya msaada. Mwaka 2005 mjini Bogotá, Colombia, kulifanyika jaribio ambamo kundi moja la familia lilipewa ruzuku yote kidogokidogo mwaka mzima, na kundi jingine likacheleweshewa theluthi moja mpaka wakati wa kujiandikisha mwaka unaofuata. Mahudhurio yaliboreka kwa wote, lakini waliohifadhiwa theluthi walirudi shuleni kwa wingi zaidi mwaka mpya. Kwa hiyo shule yenye mfuko mdogo isiumalize katikati ya muhula. Iweke sehemu kwa ajili ya wiki mbili za mwisho wa likizo ndefu, wakati familia inaamua nani arudi.

Deni la ada lisimalizwe kwa kumtoa mtoto darasani. Andikianeni na mzazi mpango wa malipo wenye tarehe zinazofuata siku anazopata kipato, na mkutane mwezi ukiisha. Mtoto aliyerudishwa nyumbani mara tatu ndani ya muhula wa siku 60, akakosa siku mbili kila mara, tayari amefikia kile kipimo cha asilimia 10, na shule ndiyo iliyomfikisha.

Mimba, ndoa na kazi

Msichana aliyepata mimba hupotea haraka zaidi kwa sababu kila mtu hudhani keshaondoka. Aitwe na mwalimu mmoja anayemwamini na aulizwe anataka nini. Mpango wake uandikwe: ataendelea hadi mwezi gani, nani atampelekea kazi za masomo baada ya kujifungua, atarudi tarehe gani, nani atamlea mtoto mchana, saa ngapi atatoka kunyonyesha. Tarehe ya kurudi iwekwe kabla hajaondoka. Bila tarehe, miezi mitatu hugeuka mwaka. Anayemcheka darasani ashughulikiwe siku hiyohiyo, na kama baba wa mtoto ni mtu mzima, hilo ni suala la sheria na lifikishwe panapostahili.

Kwa anayefanya kazi, kumwambia aache tu ni kumtaka achague, na mara nyingi shule itashindwa. Uliza saa zake. Huenda kumhamishia vipindi viwili vya asubuhi, au kumruhusu kumalizia kazi za nyumbani shuleni, kunatosha kumbakiza.

Mtu mzima mmoja kwa kila aliye hatarini

Kila mwenye alama nyekundu apewe mwalimu mlezi, na kila mwalimu asichukue zaidi ya watoto watano kama ana vipindi kamili. Mfumo wa Check & Connect, ulioanzishwa Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1990, unamtaka mlezi abaki na mtoto yuleyule kwa angalau miaka miwili. Sababu iko wazi: vijana hawa wameshaachwa na watu wazima wengi, na mlezi anayebadilishwa kila muhula anawathibitishia walichokwisha kukiamini.

Kila wiki wakutane kwa dakika 15. Waangalie pamoja daftari la mahudhurio na alama za wiki, wachague lengo moja dogo linaloweza kuhesabika ("nifike kabla ya kengele siku nne kati ya tano"), na wazungumzie kitakacholizuia. Lengo likishindikana, lipunguzwe, na mtoto asihutubiwe. Mlezi asikose kikao. Akilazimika kukosa, amwambie mtoto kabla.

Kuna mipaka. Wakutane mahali panapoonekana na wengine. Hakuna kukutana nyumbani kwa mwalimu wala ujumbe wa faragha usiku. Mlezi asitoe fedha mfukoni mwake, bali apeleke hitaji kwenye mfuko wa shule. Na asiahidi siri asizoweza kutunza. Aseme tangu siku ya kwanza: "Mengi yatabaki kati yetu, lakini ukiniambia kwamba kuna anayekuumiza, nitatafuta wa kukusaidia."

Mwaka wa kwanza na mwezi wa kwanza

Nguvu kubwa iwekwe kwa wanaoingia. Shule za umma za Chicago zilipoanza kufuatilia maendeleo ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa ukaribu, kiwango cha waliokuwa kwenye njia ya kuhitimu kilipanda kutoka asilimia 57 mwaka 2007 hadi 82 mwaka 2013. Wiki kabla ya masomo kuanza, waiteni waje waone madarasa, wakutane na mwalimu wao na kuijua ratiba. Pangeni walimu walewale wafundishe mikondo ileile ili waweze kuzungumza kuhusu watoto walewale. Mwisho wa wiki ya nne, fanyeni kikao cha kwanza cha orodha, msisubiri mtihani wa muhula.

Waonyeshwe pia shule inawapeleka wapi, kwa namba za kweli. Robert Jensen aliwaeleza wavulana wa Jamhuri ya Dominika waliokuwa wakimaliza shule ya msingi tofauti halisi ya mishahara kati ya waliomaliza sekondari na wasiomaliza, tofauti ambayo wengi wao waliidhania ndogo mno. Walioelezwa waliendelea na masomo kwa muda mrefu kidogo zaidi, ingawa kwa waliotoka familia maskini kabisa taarifa peke yake haikufua dafu. Kumwambia mtoto "elimu ni muhimu" hakumpi taarifa yoyote. Mwiteni fundi wa umeme, muuguzi au mhasibu aliyesoma hapohapo aeleze alianza na nini, analipwaje, na alihitaji masomo gani.

Aliyekwisha kuondoka

Mfuateni ndani ya wiki mbili. Kadiri muda unavyopita, kazi, mtoto au aibu huziba njia. Mumpe chaguo zaidi ya moja: kurudi darasani, ratiba pungufu kwa wiki tatu za kwanza, kuhamia shule iliyo karibu, au kituo cha elimu ya watu wazima chenye vipindi vya jioni. Kabla hajaja, kagueni tarehe ya mwisho ya kujisajili kwa mtihani wa taifa. Wengi hurudi kwa moyo wote kisha wanagundua kwamba jina halimo. Siku ya kwanza aonane na mtu mmoja tu, na karatasi ishughulikiwe na shule.

Kupima kama mnafanikiwa

Idadi ya wanafunzi waliopo haitoshi, kwani wapya huziba nafasi za walioondoka. Chukueni majina ya wote walioingia mwaka wa kwanza na mfuatilie kila jina hadi mwaka wa mwisho. Kila jina liwe katika kundi moja: amemaliza, yupo, amehama, ameacha, amefariki. "Amehama" iandikwe tu pale shule iliyompokea inapothibitisha. Kabla ya hapo andikeni "hajulikani alipo" na mmhesabu pamoja na walioacha. Kundi hilo la wasiojulikana walipo likipungua mwaka hadi mwaka, simu zenu na ziara zenu zinafanya kazi. Lisipopungua, rudini kwenye daftari la mahudhurio la mwezi wa kwanza wa kila aliyeondoka mtazame ni siku gani alipaswa kupigiwa simu.